Paka Mgonjwa Asiachwe na Njaa
Watu husema paka mgonjwa aachwe tu, njaa ikimbana atakula. Hapana jamani! Paka, hasa mnene, akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta ya mwilini huweza kuanza kujazana kwenye ini, na ini likilemewa hata hamu iliyobaki hupotea. Paka hula kwa pua: chemsha samaki bila chumvi wala kitunguu, mtoe miiba yote, kisha mpe paka samaki huyo angali vuguvugu ili harufu imfikie. Pua ikiziba kwa mafua, ifute kwanza kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Akikataa, mpake mchuzi kidogo wa samaki huyo mguuni, aulambe mwenyewe. Usimmiminie uji kwa nguvu, unaweza kuingia mapafuni. Siku nzima ikipita amegoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata jirani akicheka kwamba ni paka tu.