Timu "yetu" inapokuwa mali ya mwingine

Mnamo Desemba 12, 2023, wapiga kura wa mji wa Oklahoma City nchini Marekani waliulizwa swali moja: je, walikuwa tayari kuendelea kulipa ushuru wa senti moja kwa kila dola ya bidhaa walizonunua, kwa muda wa miaka 6, ili mji wao ujenge ukumbi mpya wa mpira wa vikapu? Ukumbi huo ungegharimu dola zisizopungua milioni 900. Wamiliki wa timu ya Oklahoma City Thunder, ambayo ndiyo ingeutumia, waliahidi kuchangia dola milioni 50. Zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Mnamo Juni 2025 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi ya NBA, na bila shaka wengi wa waliokubali ushuru ule walijiona wamelipwa.

Sina ugomvi na furaha ya mtu. Hata hivyo, timu hiyo haikuzaliwa Oklahoma City. Ilihamia huko mwaka 2008 kutoka Seattle, mji ulioko kaskazini-magharibi mwa Marekani, na namna ilivyohama ni somo linalowafaa walimu na wanafunzi wetu, hata wale ambao hawajawahi kuushika mpira huo. Kwangu mimi ninayefundisha isimu, ni somo kuhusu neno moja dogo: "yetu".

Timu ya Seattle SuperSonics ilianzishwa mwaka 1967 na ikawa bingwa wa NBA mwaka 1979. Mwaka 1995 ukumbi wake, ulioitwa KeyArena, ulijengwa upya, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na mji. Miaka kumi tu baadaye, wamiliki walikuwa wakilalamika kwamba ukumbi ule ni mdogo na umepitwa na wakati. Howard Schultz, aliyejipatia sifa kwa maduka ya kahawa ya Starbucks, ndiye aliyeongoza kundi la wamiliki wakati huo. Aliliomba bunge la jimbo la Washington zaidi ya dola milioni 200 za umma ili kuukarabati ukumbi, akakataliwa. Mwaka 2006 kundi lake likaiuza timu kwa dola milioni 350 kwa matajiri wa Oklahoma City walioongozwa na Clay Bennett.

Mnamo Novemba mwaka huo huo, wapiga kura wa Seattle walipitisha sheria ya mji iliyokuja kujulikana kama Hoja ya 91. Sheria hiyo iliagiza kwamba mji usitoe fedha kuisaidia timu yoyote ya kulipwa isipokuwa fedha hizo ziuletee mji faida isiyopungua ile ambayo ungeipata kwa kununua hatifungani za serikali kuu. Kwa maneno mengine, wananchi walisema: mkituita wawekezaji, basi tulipeni kama wawekezaji. Takriban robo tatu ya wapiga kura waliiunga mkono.

Mapema mwaka 2007, Bennett alipendekeza ukumbi mpya wa dola milioni 500 katika mji jirani wa Renton, ambao sehemu kubwa ya gharama yake ingetoka kwa umma. Bunge la jimbo likakataa. Agosti mwaka huo, Aubrey McClendon, mmoja wa wamiliki wenzake, aliliambia gazeti moja la Oklahoma kwamba hawakuinunua timu ili kuibakisha Seattle. Ligi ilimtoza faini ya dola 250,000. Msomaji anaweza kujiuliza kama alitozwa faini kwa kusema uongo au kwa kusema ukweli.

Lililofuata lingefaa kuwekwa katika mtihani wa pragmatiki. Kesi ilipofika mahakamani, barua pepe za wamiliki zilianikwa hadharani. Katika mojawapo, mmoja wao alikuwa ameuliza kama kulikuwa na njia ya kuihamisha timu msimu uliofuata. Bennett alimjibu kwamba yeye alikuwa kama mtu aliyepagawa, na kwamba wangefanya kila wawezalo. Alipoulizwa baadaye, alieleza kwamba alichopagawa nacho ni hamu ya kufaulu Seattle. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanajua kwamba maana ya jibu hutegemea swali lililotangulia. Sentensi ile ikisomwa peke yake inaweza kubeba maana zote mbili. Ikisomwa baada ya swali lile, inabeba moja tu.

Lakini hoja iliyonigusa zaidi haikuwa katika barua hizo. Ilikuwa katika nyaraka ambazo mawakili wa wamiliki waliziwasilisha mahakamani mwanzoni mwa mwaka 2008. Mji wa Seattle ulikuwa umeshtaki ukitaka timu itimize mkataba wa kukodi ukumbi hadi mwaka 2010. Mawakili wakajibu kwamba Seattle haingepata hasara yoyote ya kiuchumi endapo timu ingeondoka, kwa kuwa fedha ambazo mashabiki wangetumia katika mechi zingetumiwa katika burudani nyingine papo hapo mjini.

Tutue hapo kidogo. Wamiliki wa timu wanapoomba fedha za umma, huwaambia wananchi kwamba ukumbi ni uwekezaji utakaoleta ajira, wageni na mapato. Wanapotaka kuondoka, wanaiambia mahakama kwamba kuwepo kwa timu hakuongezi kitu katika uchumi wa mji. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Wanauchumi kwa muda mrefu wameegemea kauli ya pili. Roger Noll na Andrew Zimbalist, katika kitabu walichokihariri mwaka 1997 kuhusu michezo, ajira na ushuru, walionyesha kwamba viwanja vya timu za kulipwa havikuzi uchumi wa mji kwa kadiri inayodaiwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Familia yenye shilingi elfu tano za starehe ikizipeleka uwanjani, haizipeleki mkahawani wala sinema. Fedha zimebadilisha mfuko tu, hazikuzaliana. Isitoshe, timu ya NBA hucheza nyumbani mechi 41 katika msimu wa kawaida, na sehemu kubwa ya mapato huishia kwa wachezaji na wamiliki wachache, ambao huenda wasizitumie fedha hizo mjini humo.

Kwa nini basi miji huendelea kulipa? Jibu liko katika muundo wa ligi. Hapa kwetu, timu ya mtaani yaweza kuanza chini, ikapanda daraja moja baada ya jingine hadi ikafika ligi kuu. NBA haina ngazi hiyo. Kwa miaka mingi imekuwa na timu 30, na hakuna anayeingia bila idhini ya wamiliki waliomo. Miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zenyewe, na uhaba huo ndio silaha. Tajiri hahitaji hata kuhama; yatosha kuutaja mji mwingine. Mwaka 2013 kundi la Seattle lilitaka kuinunua Sacramento Kings na kuihamisha. Wamiliki wa ligi wakakataa kwa kura 22 dhidi ya 8, lakini baada tu ya mji wa Sacramento kuahidi kuchangia takriban dola milioni 255 za ukumbi mpya uliofunguliwa mwaka 2016. Hivyo mji ulionyang'anywa ukawa fimbo ya kuuchapia mji mwingine.

Oklahoma City nayo ilikuwa imetimiza sharti. Machi 2008 wapiga kura wake walikubali ushuru wa kukarabati ukumbi uliokuwa umefunguliwa mwaka 2002, na mwezi uliofuata ligi ikaidhinisha kuhama kwa kura 28 dhidi ya 2. Mnamo Julai 2, 2008, Seattle ilikubali kulipwa dola milioni 45 ili kuufuta mkataba. Katika mapatano hayo, jina la SuperSonics na rangi zake za kijani na dhahabu vilibaki Seattle. Mji uliachiwa neno, kilichotajwa na neno hilo kikaenda zake.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye sarufi. Tunawafundisha wanafunzi kwamba "-etu" ni kivumishi kimilikishi. Lakini umilikishi katika lugha una sura nyingi. Nikisema "shamba langu", pengine nina hati yake. Nikisema "shule yangu", sina hati. Nina uhusiano tu, wa kusoma au kufundisha pale. Shabiki asemapo "timu yetu" hutumia maana hii ya pili. Tajiri asemapo "timu yetu" mbele ya bunge huitumia maana hiyo hiyo, ila afikapo mahakamani huihama na kuingia katika ile ya kwanza. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Kwa haki, lazima niwasikilize watu wa Oklahoma City. Hawakulazimishwa, walipiga kura mara mbili, wakijua wanalolipia. Mji wao ulikuwa umejijenga upya kwa ushuru wa aina hiyo tangu mwaka 1993. Wao wanaweza kuniambia kwamba fahari nayo ina thamani, na kwamba mji hauishi kwa hesabu pekee. Nakubali. Maktaba na bustani hazileti faida ya fedha, na bado twazihitaji. Ninachodai ni kwamba fahari iitwe fahari, na starehe iitwe starehe. Mwananchi akiambiwa ukweli kwamba ananunua furaha ya dola milioni mia kadhaa, ataweza kuipima kando ya madarasa, hospitali na maji. Akiambiwa kwamba anawekeza, amenyimwa mizani.

Wala si kweli kwamba kumbi hazijengeki bila umma. Ukumbi wa Chase Center wa San Francisco, uliofunguliwa mwaka 2019, ulijengwa kwa fedha za binafsi. Huko huko Seattle, ile KeyArena ilijengwa upya kwa zaidi ya dola bilioni moja, karibu zote za watu binafsi, ikafunguliwa mwaka 2021 kwa jina jipya. Na timu ya wanawake ya Seattle Storm, iliyouzwa pamoja na SuperSonics mwaka 2006, haikwenda Oklahoma. Kundi la wanawake wa Seattle liliinunua mwaka 2008, ikabaki, ikatwaa ubingwa mwaka 2010, 2018 na 2020. Tofauti haikuwa ukumbi, kwani timu zote mbili zilitumia ukumbi mmoja. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika hati.

Yanatuhusu nini haya? Mchezo huu unatukaribia. Rwanda ilifungua ukumbi wa watazamaji 10,000 mjini Kigali mwaka 2019, na humo ndimo Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Afrika ilimoanzia mwaka 2021. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa ligi hiyo, ikaenda kucheza Kigali. Si ajabu tukaanza kusikia kwamba nasi twahitaji ukumbi kama ule. Tayari uwanja wa Talanta jijini Nairobi unajengwa kwa fedha zilizokopwa kupitia hatifungani za karibu shilingi bilioni 45, zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025.

Klabu zetu kongwe, AFC Leopards na Gor Mahia, zina matatizo mengi, lakini ni za wanachama. Hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi akaipakia Gor Mahia kwenye lori na kuipeleka ng'ambo. Huo ni utajiri ambao Seattle haikuwa nao, na tusiuache utuponyoke wakati tunapowakaribisha wawekezaji.

Kwa hivyo, siku tutakapoombwa fedha za umma kwa ajili ya "timu yetu", nawasihi walimu wawafundishe wanafunzi kuuliza maswali manne. Jengo litaandikwa kwa jina la nani? Mapato ya viingilio na matangazo yataingia mfuko gani? Gharama zikizidi makadirio, nani atalipa? Na timu ikiondoka, mkataba unasema nini? Anayetuomba atamke "yetu" kwa maana ile ile katika majibu yote manne, kisha aiweke katika maandishi.