MTIHANI WA KIDATO CHA PILI: KUPIMA AU KUCHEKECHA?

Wenzetu wa Unguja na Pemba,

Sisi tulioondoka visiwani kutafuta riziki tumezoea kuleta katika karatasi hii khabari za bei na za safari. Leo twamwomba mhariri atupe nafasi tuseme juu ya jambo jingine, nalo ni namna watoto wanavyopimwa katika miaka ya mwanzo ya sekondari. Twaandika kutoka Songea, mji mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, ambako tuna duka. Lakini maneno haya yanawakhusu walio Chake Chake na Mkokotoni sawasawa na walio huku.

Jirani yetu ana kijana ambaye kila alasiri, akitoka skuli, hutusaidia dukani. Hupima sukari, hupiga hesabu ya robo na nusu bila ya kalamu, na akiambiwa gunia limenunuliwa kwa kiasi kadha na kuuzwa kwa kiasi kadha, hutaja faida kabla hatujafungua daftari. Siku moja alirejea na karatasi ya jaribio la hisabati la skuli yake. Juu yake palikuwa na namba 14 kwa wino mwekundu, na chini yake hapakuwa na neno hata moja. Tulimwomba mteja wetu mmoja ajuaye Kiingereza atusomee masuala. Moja katika yale aliyoyakosa lilikuwa la faida na khasara ya mfanyabiashara wa mahindi. Tulipomuuliza kijana suala lile lile kwa Kiswahili, alilijibu papo hapo, na mkono wake mmoja ungali katika mizani.

Ulipofika Novemba, mwezi ambao watu wa huku wanatayarisha mashamba kungojea mvua, kijana alifanya upimaji wa taifa wa kidato cha pili, na hakufikia kiwango. Sasa anarudia kidato. Baba yake amekwisha kutwambia kwamba akishindwa mara ya pili hatamrejesha tena skuli, atamkabidhi jembe. Jembe si aibu, kwani mahindi ya Ruvuma hulisha watu wengi. Aibu ni kumpa mtu jembe kwa kumwambia kwamba hana akili, ilhali anayo.

Tuitazame asili ya jambo hili. Mtihani wa kidato cha pili ulianzishwa mwaka 1984, na kwa miaka mingi aliyeshindwa hakuruhusiwa kuendelea na kidato cha tatu. Mwaka 2008 Serikali iliondoa sharti hilo, na watoto wakapita wote, aliyeelewa na asiyeelewa. Mwaka 2012 sharti likarejeshwa. Wale waliofanya kidato cha pili mwaka 2010, wakati mlango u wazi, ndio waliofika kidato cha nne mwaka 2012, na matokeo yao twayakumbuka sote: zaidi ya watahiniwa 240,000, kama asilimia 60 ya wote, walipata sifuri.

Wako waliosema, na wangali wakisema, kwamba msiba ule uliletwa na kuondolewa kwa chekeche. Maneno hayo yana sehemu ya ukweli, nasi hatuyakatai. Mtoto aliyepitishwa bila ya kujua alikwenda kuanguka mbele, mahali penye kina zaidi. Lakini wenye maneno hayo wamesahau yaliyofuata. Mwaka 2013 Serikali iliyafuta matokeo yale, alama zikapangwa upya, na idadi ya waliofaulu ikapanda. Kati ya tangazo la kwanza na la pili hakuna mtoto aliyejifunza hata herufi moja. Kilichobadilika ni jiwe la mizani. Sisi tunaouza kwa mizani twajua maana yake: ukibadili jiwe, mchele hauzidi wala haupungui.

Kwa hiyo kosa haliko katika kupima. Liko katika mambo mawili ambayo chekeche, liwepo au lisiwepo, haliyagusi.

La kwanza ni lugha. Mtoto wa skuli ya Serikali huku Bara husoma miaka yake yote ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, takriban masomo yote yanageuka Kiingereza, na baada ya miaka miwili anatahiniwa kwa lugha hiyo. Kwetu Zanzibar, sera ya elimu ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Lakini kuutangulizia mzigo si kuupunguza. Karatasi inayodai kupima hisabati hupima kwanza Kiingereza, na asiyevuka hapo hapati fursa ya kuonyesha hisabati yake. Matokeo yake ni kwamba watoto hushika majibu kwa moyo pasi na kujua maana. Wanakariri, na wakishindwa wanaambiwa wakariri darasa.

La pili ni kwamba mtihani haumrejei mtoto. Sisi tulisoma chuoni, na tukisema haya hatusemi kwamba chuo kilikuwa hakina ila. Wengi wetu tulihifadhi kabla ya kufahamu, nasi twaijua khasara yake. Lakini chuoni kila mwanafunzi alikaa mbele ya mwalimu na ubao wake, akasoma, na alipokosea alisahihishwa pale pale. Hakuvushwa kwenda sura ya mbele mpaka ile aliyonayo imekaa sawa, wala hakuambiwa mwisho wa mwaka kwamba amepata 14. Kupimwa kulikuwa ni sehemu ya kusomeshwa.

Fikra hii si ngeni katika nchi yetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikataa mtoto ahukumiwe kwa mtihani mmoja tu, na baadaye kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa katika alama za mwisho. Zingali zikihesabiwa hadi leo, lakini katika skuli nyingi zimekuwa ni majaribio madogo yanayoufuata mtindo wa mtihani mkubwa. Namba inaandikwa daftarini, na kosa la mtoto linabaki pale lilipo.

Tutaambiwa kwamba walimu ni wachache na madarasa yamejaa. Ni kweli, khasa tangu skuli za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004 na ada kuondolewa mwaka 2016. Tutaambiwa pia kwamba mwalimu akiachiwa alama atawapendelea wake. Hilo nalo laweza kuwa. Lakini mizani yetu ya dukani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa wako wauzaji wanaopunja, basi maduka yafungwe na nchi nzima ipimiwe mchele siku moja tu kwa mwaka. Alama za mwalimu nazo zikaguliwe, lakini ziachwe zifanye kazi.

Twaomba mambo matatu, na kwetu visiwani twayaelekeza kwa Wizara na kwa Baraza la Mitihani la Zanzibar, ambalo ndilo lenye dhamana ya kidato cha pili. Masuala yaandikwe kwa lugha zote mbili, mtoto ajibu kwa ile anayoiweza. Kila jaribio lirejeshwe mikononi mwa mtoto likiwa limesahihishwa kwa maneno. Na asiyefikia kiwango asirejeshwe tu kwenye darasa lile lile kusomeshwa vile vile, bali aonyeshwe alipokosea na asaidiwe hapo.

Na kwenu, ndugu wanachama, twasema hili: msingoje Wizara. Mtoto akirudi leo, msimuulize amepata ngapi. Mwambieni alete karatasi, kisha mumuulize lile alilolikosa kwa lugha ya nyumbani. Akilijibu, nendeni nayo kwa mwalimu wake, kwa adabu, mumwonyeshe. Sisi tumekwisha kwenda kwa mwalimu wa kijana wa jirani yetu. Alitupokea vizuri, akatwaa kalamu na kumwandikia maelezo ya masuala matatu. Novemba haiko mbali, na kijana angali akija dukani kila alasiri. Siku hizi huja na kitabu.