Gari la China hupanda bei kwenye fomu ya oda

Mtu anayeagiza gari jipya kutoka China kuja Dar es Salaam anaweza kuvutana na muuzaji wiki nzima ili apunguziwe dola 300 au 500. Akishapunguziwa anaona amefaulu, kisha anachagua vifaa vya gari kwa dakika chache: injini hii, rimu zile kubwa, paa la kioo, keria juu. Naamini pesa nyingi zaidi hupotea katika dakika hizo kuliko zilizookolewa katika wiki nzima ya kuvutana, na sababu ni jinsi kodi zetu zinavyopandiana. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 hutozwa kwa bei ya gari ikijumlishwa na bima na nauli ya meli. Ushuru wa bidhaa huja juu ya jumla hiyo ikiwa imeshabeba ule wa forodha, na VAT ya asilimia 18 inavikalia vyote viwili. Kwa gari lenye injini ya zaidi ya CC 1,000 lakini isiyozidi CC 2,000, ambalo ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 5, kila dola 100 ya thamani hiyo inageuka karibu dola 155, na hapo tozo ndogo kama ile ya reli hazijaguswa. Kwa hiyo viti vya ngozi na paa la kioo vilivyoandikwa dola 2,000 kwenye ankara vitamfikia mnunuzi kwa karibu dola 3,100.

Injini ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko yote, kwa kuwa ikivuka CC 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 10, na asilimia hiyo inatozwa kwa gari zima. Chukua Tank 300, gari la Great Wall ambalo wengi wanalitamani siku hizi. Lipo la petroli lenye injini ya lita 2, na lipo la dizeli la lita 2.4. Tuseme yote mawili yamefika bandarini yakiwa na thamani ya dola 25,000. La petroli litakuwa limegharimu takriban dola 38,700 baada ya kodi hizo tatu, na la dizeli takriban dola 40,560. Anayevuta tela kwenye milima ya Mbeya ana sababu ya kulipia nguvu ya dizeli. Wa foleni ya Mwenge anapaswa kujiuliza mara mbili.

Nauli nayo ina mitego yake. Meli za kubebea magari hutoza kwa mita za ujazo, yaani urefu mara upana mara kimo. Keria inayoongeza sentimita 15 juu ya gari lenye urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.9 inaongeza mita za ujazo 1.3, na mita hizo zinalipiwa kama zimejaa mzigo. Nauli hiyo huingia kwenye thamani inayotozwa ushuru, kwa hiyo hewa iliyo chini ya keria nayo inalipiwa kodi. Keria ifungwe hapa nyumbani gari likishatoka bandarini.

Yupo atakayesema gari lenye kila kitu huuzika kwa bei nzuri baadaye. Hoja hiyo ina ukweli kwa kamera ya nyuma na mifuko ya hewa, na usalama sitamshauri mtu aupunguze. Lakini mnunuzi wa pili hurudisha sehemu tu ya bei ya paa la kioo, na kodi uliyoilipia hairudi. Mwingine atasema dawa ni kuandika bei ndogo kwenye ankara. Huo ni udanganyifu, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inawapa maofisa uwezo wa kuikataa bei iliyotajwa na kukadiria yao. Hoja ninayoikubali ni ya magari yaliyotumika: kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huuliza modeli, mwaka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, hakiulizi viti vya ngozi. Hata hapo, injini imebaki kwenye hesabu.

Kwa upande wa usukani, majirani zetu wana nafasi tusiyokuwa nayo. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara kama China, kwa hiyo mnunuzi wa Bukavu anaweza kuchagua kati ya matoleo yote yanayouzwa ndani ya China kwenyewe. Sisi tunahitaji usukani wa kulia, ambao viwanda hutengeneza kwa baadhi ya matoleo tu. Ukiona gari la umeme la bei ya chini mno, uliza usukani uko upande gani na tundu la kuchajia ni la mfumo upi, kwa sababu magari ya soko la ndani la China hutumia tundu lao wenyewe. Kisha, kabla ya kutuma malipo ya awali, mtake muuzaji aandike bei ya kila kifaa kwenye mstari wake, na umpe wakala wa forodha matoleo mawili au matatu ayapigie hesabu hadi kwenye namba za usajili.