Pikipiki ya Umeme au Motokari?

Baba mmoja wa Lubumbashi, mwalimu kama sisi, ametuletea ulizo ambalo bila shaka lazungumzwa jioni katika nyumba nyingi. Muda wa miaka minne amekuwa akiweka akiba. Fedha hiyo yatosha kununua leo pikipiki nzuri ya umeme, bila deni. Lakini rafiki zake wamshawishi anunue motokari iliyokwisha kutumika, ama ya umeme mtupu, ama ile ya namna mbili, yaani yenye mashini ya esansi pamoja na mota ya umeme. Kwa motokari hiyo akiba yake ni nusu tu ya bei. Nusu ya pili itakuwa deni. Mama wa nyumba, ambaye huuza unga sokoni, hataki kusikia habari ya deni, kwa maana watoto wanne wanasoma, na karo hailipwi kwa ahadi. Shule anayofundisha baba iko kilometa 9 toka nyumbani. Je, afanyeje?

Tuanze na hesabu. Kwenda na kurudi ni kilometa 18. Akienda siku 6, juma moja ni kilometa 108. Tuseme 100. Kwa mwendo huo motokari ya kawaida iliyozeeka hunywa litri 8 mpaka 10 za esansi. Motokari ya namna mbili, kama Toyota Prius, hunywa litri 4 au 5. Pikipiki ya esansi, litri 2 au 3. Motokari ya umeme mtupu hula kilowati-saa 15 mpaka 20, na pikipiki ya umeme 3 mpaka 5 tu. Chukueni bei ya litri na bei ya kilowati-saa katika mji wenu, mzidishe wenyewe. Nasi tungependa mama awepo mezani wakati wa kuzidisha, maana baba akiisha kuona motokari inayong'aa husahau kujumlisha.

Sasa tuangalie motokari yenyewe. Prius iliuzwa kwanza Japani mwaka 1997. Haitaki kuunganishwa na waya wa umeme: dereva akanyagapo breki, nguvu ya magurudumu hurudi kuwa umeme na kuingia katika batri, kisha humsaidia kuondoka tena. Kwa hiyo hupunguza esansi zaidi mjini, penye kusimama na kuondoka, kuliko katika barabara ndefu. Kwa mtu ambaye nyumbani kwake umeme hukatika kila siku, hiyo ni faida kubwa. Lakini batri yake hupozwa na hewa inayoingia kwa tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Mnunuzi afungue, atazame. Tundu likijaa vumbi la barabara zetu, au wakilifunika kwa mizigo, batri huchemka na kufa mapema. Tena motokari nyingi zitokazo Japani zina usukani upande wa kuume, nasi huku twaendesha upande huohuo wa kuume; kupita lori barabarani huwa ni kubahatisha, isipokuwa mtu aketiye kando achungulie kwa niaba ya dereva.

Motokari ya umeme mtupu ni habari nyingine. Mtu mwenye akiba ndogo huonyeshwa mara nyingi Nissan Leaf, iliyotoka mwaka 2010. Zile za kwanza zilikuwa na batri ya kilowati-saa 24, isiyopozwa kwa maji, kwa hiyo joto huichosha. Mbele ya dereva kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa batri. Vikiwa 7 au 8 tu, mjue kwamba mwauziwa motokari iliyokwisha kupoteza sehemu kubwa ya safari zake. Tena kuijaza kwa tundu la kawaida la ukutani huchukua zaidi ya saa 10. Katika Congo yetu ni mtu 1 hivi kati ya 5 aliye na umeme nyumbani, na hata huyo haupati usiku kucha. Twamwambia mwalimu wetu waziwazi: hii aiache.

Turudi kwenye pikipiki. Batri yake ni ndogo, hujaa kwa saa chache, na katika nyingi huweza kutolewa na kuchukuliwa mkononi mpaka penye umeme, hata kama ni kwa jirani. Huko Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kazi ya kubadili batri: mwenye pikipiki hufika, huacha batri tupu, huchukua iliyojaa, huenda zake. Na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kuchukua abiria zinazoandikishwa katika mji ule zapaswa kuwa za umeme. Lakini vituo vile viko Kigali. Mahali pasipo kituo, kila mtu ajitegemee kwa umeme wa kwake.

Muuzaji aulizwe kwanza: batri ni ya namna gani? Ile ya risasi ni rahisi kwa bei, lakini ni nzito, nayo huchoka baada ya kujazwa mara mia chache. Ya litiamu hudumu zaidi, hasa ile yenye chuma na fosfati, ambayo haina hata chembe ya kobalti. Ndiyo, wasomaji wa Kolwezi, twajua: yapata sehemu 7 kati ya 10 za kobalti ya dunia hutoka katika ardhi yetu, na batri inayoweza kukaa miaka mingi katika pikipiki ya mwalimu huenda ikawa isiyo nayo.

Lubumbashi ni tambarare, hata skuta yenye mota ndogo itakwenda. Ndugu wa Bukavu wasitufuate kwa upofu, kwa maana kilima kimoja tu chatosha kuishinda.

Neno la hatari halifichiki. Kaski hupunguza vifo vya waangukao kwa sehemu 4 hivi kati ya 10, basi zinunuliwe kaski mbili pamoja na pikipiki, si mwezi ujao. Watoto wanne hawapandi hapo. Wataendelea kwenda kwa miguu au kwa basi. Na kwa kuwa pikipiki ya umeme haina sauti, mpita njia haisikii ikija.

Basi, tungemshauri anunue pikipiki, na achague skuta isiyo na gia, yenye mahali pa kuweka miguu mbele, ili mama naye aiendeshe akiwa na kitenge chake kwenda sokoni Jumapili alasiri, baba akiwa nyumbani. Kabla ya kulipa, aijaribu na mke wake nyuma, batri ikiwa imebaki nusu. Na nauli ya basi aliyokuwa akitoa kila juma asiile. Mama aitunze katika kopo lake, kwa sababu siku moja batri itakufa, na bei ya batri mpya ni sehemu kubwa ya bei ya pikipiki nzima.