Alama Moja kwa Nchi Nne

Mhadhiri wa biashara ya kimataifa, awe Dar es Salaam au Nairobi, hamkwepi Geert Hofstede. Mholanzi huyo, aliyefariki mwaka 2020, alichambua hojaji zipatazo 116,000 zilizojazwa na wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973, na mwaka 1980 akatoa kitabu kilichoyapa mataifa alama: watu wanayapokeaje mamlaka ya wakubwa, na mtu anatangulizwa mbele ya jamaa zake au nyuma yao. Jedwali hilo limezaa maprofesa wengi duniani. Wasomi wa kwetu ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kulitilia shaka, kwa kuwa nchi zao zilivyoingizwa humo ni kichekesho.

Baadaye Hofstede alipoongeza nchi, majibu ya Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia yaliunganishwa kuwa “Afrika Mashariki”, yakapata alama moja: 64 kwa pengo la madaraka, 27 kwa umbele wa mtu binafsi. Ikumbukwe miaka ya hojaji zenyewe. Ethiopia ilikuwa chini ya Haile Selassie. Tanzania ilikuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki. Kenya ilikaribisha mitaji ya nje. Zambia ilitwaa asilimia 51 ya migodi ya shaba. Swali la nani amwamuru nani kazini lilikuwa likijibiwa kwa njia nne. Tena waliojibu hojaji walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marekani, si wachukuzi wa bandari ya Mombasa.

Hofstede alijitetea kwamba ukilinganisha watu wa kampuni moja wenye kazi zinazofanana, tofauti inayobaki ni ya taifa. Ni hoja ya mtu mwerevu, lakini inahitaji watu wa kutosha. Mwaka 2002 msomi Brendan McSweeney alionyesha kuwa nchi 6 tu ndizo zilizokuwa na majibu zaidi ya 1,000 katika kila moja ya duru mbili za hojaji. Nchini Pakistan walihojiwa watu 37 katika duru ya kwanza na 70 katika ya pili. Utafiti mkubwa uliofuata, GLOBE, uliochapishwa mwaka 2004, ulifikia jamii 62. Zambia imo; Kenya na Tanzania hazimo. Wapo watakaosema jedwali lenye kasoro ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Sikubali. Meneja mgeni aliyeambiwa kwamba Mtanzania hampingi mkubwa wake hatauliza maoni ya mtu, na asipouliza hatapingwa, kisha ataapa kwamba jedwali lilisema kweli.

Dawa iko mikononi mwa vyuo vyetu. Kupandisha vyeo kwa kuhesabu makala kunamsukuma mhadhiri kijana achukue vipimo vya Hofstede, agawe hojaji wiki mbili, achapishe. Mwenzake anayetaka kukaa mwaka mzima kwenye mradi wa barabara wa Wachina, akiangalia msimamizi na fundi wanavyogombana na kuelewana, atafika mbele ya kamati mikono mitupu. Kamati hizo zingeanza kwa kuuhesabu utafiti mmoja wa namna hiyo sawa na makala tatu, hata kama umeandikwa kwa Kiswahili.