Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Katika nyumba nyingi za hapa kwetu, tangu Likoni hata Kisauni, pana kasha au kabati ambalo halijapekuliwa tangu mwenyewe alipofariki. Ukilifungua utakuta kanzu iliyokunjwa vizuri, hati za shamba, tasbihi, na aghalabu chini kabisa utakuta kamera ndani ya mfuko wa ngozi. Warithi huigeuzageuza kamera hiyo, wakaulizana filamu itapatikana wapi zama hizi, kisha wakakata shauri kuwa ni taka. Siku ya pili yake mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mkokoteni wake, na mambo yakesha hapo hapo.

Nasema haya si kwa kumsuta mtu, kwani mimi mwenyewe ni katika hao. Marehemu ami yangu alikuwa mpiga picha Likoni. Alipiga picha za harusi, za vitambulisho na za watoto siku ya Idi. Alipofariki mwaka 2009 nilikabidhiwa kamera zake mbili. Moja niliitoa pamoja na feni mbovu na pasi ya makaa, nikapewa pesa zisizofika bei ya kilo ya nyama. Ya pili, Zenit ya Urusi, ilisalimika kwa sababu tu mwanangu mdogo alikuwa akiichezea siku ile, na sikutaka kumliza.

Mwaka jana kijana mmoja wa Mlaleo, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi, alikuja kunitazama nyumbani. Akaiona Zenit ile juu ya kabati la vitabu. Nikamwambia, "Hiyo ilikufa zamani." Yeye akaifungua lenzi, akaielekeza dirishani, akachungulia, kisha akasema, "Kilichokufa ni kiwiliwili, ami. Jicho bado laona."

Baada ya siku tatu alirudi na pete ya chuma ambayo wao huiita adapta. Bei yake haikuzidi ya kuku wawili wa kienyeji. Akaikaza lenzi ya marehemu kwenye pete, na pete akaipachika kwenye kamera yake mpya ya dijitali. Mama yangu alikuwa amekaa barazani akichambua mchicha. Kijana akamwomba ruhusa, akapiga magoti, akaizungusha lenzi pole pole kwa vidole, akapiga. Mama alipooneshwa ile picha aliitazama kitambo, akasema, "Hii ni kama zile za shemeji."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kujifunza, na leo nataka kumweleza msomaji niliyoyapata, kwani naona tunatupa mali bila ya kujua.

Lenzi si kitu cha miujiza. Ni vipande vya kioo vilivyosuguliwa kwa hesabu na kupangwa ndani ya mrija wa chuma ili vikusanye mwanga mahali pamoja. Elimu hiyo ina mizizi ya zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir, akaeleza kuwa jicho huona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuliingia, na akachunguza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Mwanga haukubadili tabia yake tangu zama hizo. Kilichobadilika ni pale unapotua: jana ulitua kwenye filamu, leo unatua kwenye kipande cha elektroniki. Lenzi haijui tofauti hiyo, wala haiijali.

La muhimu ni masafa. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka pale mwanga unapotua. Lenzi ya ami ni Helios 44-2, nayo hukazwa kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa. Mtindo huo wa kukaza, wenye upana wa milimita 42, ulijulikana tangu kamera ya Contax S ya Ujerumani ilipotoka mwaka 1949, ukafuatwa na Praktica, Zenit, Pentax na wengineo. Lenzi hizo hutaka umbali wa milimita 45.46. Kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake zina umbali mfupi mno. Zile za Sony, kwa mfano, ni milimita 18 tu. Basi kazi ya adapta ni kuijaza nafasi iliyobaki, milimita 27 na nusu hivi. Ndani yake hamna kioo wala waya. Ni pete tupu, kazi ambayo fundi mzuri wa mashine pale Changamwe angeweza kuichonga.

Mwenye kamera ya dijitali ya mtindo wa kale kidogo, yenye kioo ndani, na atahadhari. Ile ya Canon yenye umbali wa milimita 44 huzipokea lenzi hizi bila taabu kubwa. Ile ya Nikon, yenye milimita 46.5, huisogeza lenzi mbele zaidi ya inavyopaswa, na matokeo yake vitu vya mbali havikai wazi. Tena kijana alinionya mambo mawili. Kwanza, ndani ya kamera kuna amri inayoizuia kupiga ikiwa haioni lenzi, na amri hiyo haina budi kuondolewa, la sivyo mtu atadhani ameuziwa kitu kibovu. Pili, kwenye kamera nyingi za bei nafuu picha hukatwa pembeni, hivyo lenzi ya milimita 58 huona kama ya milimita 87. Hiyo yafaa sana kwa picha ya uso wa mtu, lakini haifai katika chumba chembamba.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Wapo watakaosema haya ni mapenzi ya wazee kwa vitu vya kale. Mwenzangu mmoja gazetini alinicheka, akaniambia harusi haikungoji uzungushe lenzi; bwana harusi akishatoa mkono wakati wa nikahi, umeshatoa, na aliyekosa amekosa. Nakiri kuwa ana haki. Usiku, penye taa hafifu na watu wanaokwenda mbio, lenzi mpya inayojilenga yenyewe ni bora, na mpiga picha aliyelipwa hana ruhusa ya kujaribu bahati yake kwa shughuli ya mtu. Sisemi lenzi mpya zitupwe. Nasema za kale zisitupwe.

Nina sababu mbili. Ya kwanza ni riziki. Vijana wetu wa bara hii ya Mombasa wanaoingia katika kazi ya picha hukopa ili kununua lenzi mpya, na deni huwatafuna kabla ya kazi kuwalisha. Ilhali lenzi yenye tundu pana la mwanga, inayotoa uso wa mtu wazi na nyuma yake kulainika, imelala kabatini kwa mjomba wake, yangoja pete tu.

Ya pili ni adabu ya kazi. Ami alikuwa na filamu ya picha 36, na kila moja ilikuwa ni pesa. Hakupiga ila baada ya kutazama. Wale wa vibanda karibu na feri ya Likoni katika miaka ya 1990, wenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, nao walimpanga mteja wao, wakamrekebisha kola, ndipo wakapiga. Leo mtu hupiga mia mbili kwa dakika kumi, kisha akatafuta baadaye kama miongoni mwake kuna moja ya maana. Lenzi ya kuzungusha kwa mkono humrudisha mtu kwenye kutazama. Tena humlazimisha asimame mbele ya anayepigwa, aonekane, ngao ya haraka imwondoke. Sisi watu wa mwambao tuna jambo letu la stara. Katika sherehe nyingi za wanawake siku hizi wageni huombwa waweke simu zao, kwa sababu picha imekuwa kitu cha kuibwa. Kijana wa Mlaleo hakuiba picha ya mama yangu. Alimwomba, na kule kuzungusha lenzi kulimpa mama nafasi ya kuufunga vizuri mtandio wake.

Lakini kuna adui, naye ni hewa yetu wenyewe. Unyevu wa pwani huzaa kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Likiachwa, huila ile rangi ya juu ya kioo, kisha kioo chenyewe, na hapo hakuna fundi awezaye kukirudisha. Ule mfuko wa ngozi tunaoupenda ndio nyumba ya kuvu, kwani ngozi hunywa unyevu. Lenzi na itolewe humo, ipigwe hewa na mwanga wa jua mara kwa mara, kisha iwekwe katika kopo linalofunga sawasawa pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kabla ya kununua au kutoa, ielekeze kwenye mwanga na uchungulie: ikiwa ni safi, una mali mkononi.

Ile kamera ya kwanza ya ami imeshakwenda. Sijui kama iliyeyushwa au kama kuna mtu aliyeijua thamani yake, na sasa majuto ni mjukuu. Ila nakuomba wewe, ndugu msomaji, kabla mkokoteni haujapita tena mtaani kwako, lifungue lile kasha. Kama huna haja na utakachokikuta, mtafute kijana anayejua kutazama, umpe. Huenda hiyo ikawa sadaka yenye kuendelea kwa marehemu, kwani riziki ya halali itapatikana kwa jicho alilolinunua yeye.

Jicho la kale si bovu, bovu ni lisilotunzwa,
Likiingiwa na kuvu, thamani itapunguzwa,
Lifute kwa utulivu, na watoto wakafunzwa,
Picha yataka ung'avu, kwa subira hufanyizwa.