Maadili ya kukariri

Vijana wenzangu, juzi mdogo wangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa maadili. Nikamuuliza, uadilifu ni nini? Akaushusha wote, hakukosea hata neno. Nikamtania: na kwenye mtihani wenyewe utadesa? Akacheka. "Kaka, mbona darasa zima tunadesa."

Nikamkumbuka Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Hoja yake ni nyepesi kabisa: mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Basi na mtu anakuwa mwadilifu kwa kutenda haki, leo, kesho, keshokutwa, mpaka izoeleke na aipende. Ufafanuzi peke yake haumgeuzi mtu, kama vile mgonjwa anayemsikiliza daktari vizuri halafu dawa hanywi.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sawa. Lakini hivi, mtoto ataizoea haki wapi kama kiranja anateuliwa na mwalimu, na michango ya darasa haisomewi hesabu? Kura za kiranja zikihesabiwa mbele ya darasa, na aliyeshindwa akampa mwenzake mkono, hapo kuna kitu kimefundishwa.

Nisimpambe sana mzee huyu. Alitetea utumwa, na wanawake aliwaona ni wa kutawaliwa. Hayo tunayatupa mchana kweupe. Eti na sisi vijana hatufai kusomea siasa, kwa kuwa hatuna uzoefu na tunaendeshwa na hisia! Hilo lilinichoma, kwa sababu lina ukweli kidogo.

Kwake ujasiri unakaa kati ya woga na kukurupuka. Tazameni magrupu yetu ya WhatsApp: matusi usiku kucha, tunajiita majasiri. Kikao cha tawi kikifika, mweka hazina anasoma matumizi bila risiti, wote kimya. Mwezi uliopita nilikuwepo. Nauli ya safari moja iliandikwa mara mbili, nikaiona, nikameza swali langu kwa sababu jamaa ni rafiki yangu.

Kikao kingine ni Jumapili. Swali nimeliandika kwenye karatasi, na yeye nimeshampigia simu kumwambia nitaliuliza.